Baada na Badala

Kwako kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na watoto, na ziwakute mkiwa wazima kuliko nilivyo mimi. Mjomba ameniambia mgongo umekuanza tena tangu siku ulipobeba lile jokofu la mteja peke yako hadi ghorofa ya tatu. Ameniambia pia kwamba mkubwa amefanya vizuri hesabu na mdogo ameng'oka jino la mbele. Pole kwa mgongo, hongera kwa hesabu, na huyo kibogoyo mwambie litaota jingine. Mimi huku mwili hauna neno. Nakula kidogo, nafua nguo zangu, naamka. Mengine utayasoma humu.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Mimi na wewe hatujaandikiana tangu ulipokuwa bweni, ukiniagiza nikuibie sukari kabatini nikufungie kwenye karatasi. Simu ninayo, na salio lipo, lakini simu ina kitufe cha kukata. Tangu msiba nimekupigia mara tatu nikiwa nimekusudia kukueleza jambo hili, na mara zote tatu nilipokusikia umenyamaza upande wa pili nikageuza maneno, nikaulizia mvua. Mara ya mwisho wewe mwenyewe uliniambia mvua hiyo nimeiulizia mno. Basi nimeamua kuandika. Naomba uisome yote, hata kama utaitupa chini njiani. Ukiitupa, iokote uendelee.

Nianze na kazi yangu, maana nyumbani tuliifanyia utani tu, hakuna aliyejua hasa ninashinda nikifanya nini. Wewe uliniita Daktari wa Panya. Mama akakata mkia wa jina, akabaki na Daktari peke yake, akawa ananiita hivyo mbele ya wageni, na mimi sikuwahi kumsahihisha. Kaka, mimi si daktari wa panya wala wa mende. Niliingia pale maabara kuosha vizimba. Nikaosha vizimba miaka minne, mpaka panya wakanijua kwa harufu, ndipo nikafundishwa kupima na kuvalishwa koti jeupe.

Chumba chetu kina meza ndefu ya vigae, sinki mbili, majokofu matatu, moja kati yake wewe usingelikubali hata bure, na harufu ya mwani mkavu inayonata kwenye nywele hata ukizifunga. Mwani unaletwa kwa magunia. Ni ule ule unaoliwa na watu, kwenye supu au mbichi. Tunauosha, tunausaga, tunauchemsha, tunachuja ute wake na kuukausha mpaka uwe unga. Sasa sikia maajabu yake. Ute wa mwani mwekundu, huo huo unaogandisha maziwa ya dukani na dawa ya meno, ukiumeza hauna shida. Lakini ukiudunga kwa sindano chini ya ngozi ya unyayo wa panya, mguu unavimba hadi unang'aa. Na ute wa mwani wa kahawia, panya akinyweshwa mapema, uvimbe hauji wote, na ule uliokuja unashuka haraka. Kwa hiyo asubuhi tunavimbisha kwa mwani, mchana tunashusha kwa mwani. Mwenzangu wa zamu alikuwa akisema sisi ni watu wanaochoma nyumba ili wapate soko la ndoo. Profesa wetu hakucheka, yeye hacheki kabla ya chakula cha mchana.

Kazi yangu mimi ni kupima. Namfunga panya kwenye taulo, nachovya mguu wake kwenye bomba la kioo lenye maji, maji yanapanda, nasoma mstari yalipofika, naandika. Saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nadhani nimesoma miguu zaidi ya elfu mbili. Na nakuambia kwa macho yangu haya, unga wa kahawia haukuniangusha hata wiki moja. Kila aliyenyweshwa, maji yalipanda kidogo. Kila aliyenyimwa, yalipanda sana. Ukiona jambo moja mara elfu mbili linaingia kichwani likawa dini. Kila Jumatatu, tukivaa makoti, Profesa alitukumbusha kwamba saa nne za mguu wa panya si goti la mama yenu, kwamba kuna miaka mingi ya kazi kabla mtu yeyote hajalambishwa hata chembe ya unga ule. Mimi nilikuwa nikifunga vifungo na kuitikia ndiyo, huku moyoni nikimwona mwoga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tulilisikia hilo tangu tuko wadogo, lakini mimi nililivunja la mwingine.

Sasa nije kwa Mama. Wewe ulikuwa unaishi naye, kwa hiyo pengine hukuona alivyokuwa anabadilika, maana umuonaye kila siku humuoni. Mimi nilikuwa nakuja kila baada ya miezi miwili na kila nikija nilikuta kitu kimepungua. Baridi yabisi ilianza na vidole, ikashuka magoti, ikapanda mabega. Vile vidonge vidogo vyeupe alivyokunywa kila asubuhi kwa miaka tisa vilimpunguzia maumivu, hilo sikatai, lakini vilimfanya uso ukawa duara kama si wake, ngozi ya mikono ikawa nyembamba ya kuchubuka akigusa meza, na macho yakaingia ukungu hata kusoma akaacha. Siku moja alijitazama kwenye kioo cha kabati akaniambia vidonge hivi vimemwazima uso wa mtu, na mwenye uso siku akija kuudai hatajua cha kumpa. Alikuwa anacheka. Mimi nilitoka nje nikalia karibu na karo la kufulia.

Siku nilipompeleka kliniki, daktari aliniambia mimi, si mwingine, kwamba vidonge vile visikatwe ghafla hata iweje. Alisema mwili uliovizoea miaka mingi husahau kujitengenezea wenyewe kile kinachotoka humo, na ukivinyima siku moja tu bila kuupunguzia pole pole unaweza kuzimika. Nilimsikia vizuri. Nikamshukuru, nikamshika Mama mkono tukatoka.

Mwezi uliofuata nilichota unga wa kahawia kwenye kopo kubwa la maabara, vijiko sitini, nikautia kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha buluu, nikabandika lebo, nikaja nao nyumbani. Sikumwomba ruhusa mtu. Nilikukosa, ulikuwa umeondoka siku mbili nyuma kwenda kufunga majokofu ya ile bucha mpya, kazi ya wiki mbili na siku mbili tatu. Nikamkabidhi wifi chupa, nikamwambia maelezo yote yapo kwenye lebo, nikawahi usafiri.

Yaliyofuata unayajua nusu. Nusu nyingine alinieleza wifi, nami nakueleza wewe kwa kuwa hukuwahi kutaka kuyasikia kutoka kwake. Siku za mwanzo Mama alikuwa na furaha. Siku ya nne alijichana nywele mwenyewe. Alinipigia simu akaniambia unga wa Daktari wake umeingia kwenye mifupa. Mimi nilikwenda kazini siku hiyo natembea kama nimeota mbawa. Siku ya nane akaanza kusema amechoka. Akisimama chumba kinazunguka. Siku ya kumi chakula akawa anakirudisha. Wifi alinipigia, akaniambia Mama anachoka sana na chakula hakikai, afanyeje. Nikamjibu kwamba mwili unazoea, ampe uji mwepesi na amwache apumzike. Mama mwenyewe akaichukua simu akasema anaendelea vizuri. Sauti ilikuwa ya mtu anayetaka mwanawe asivunjike moyo, na nilijua, kwa maana ndiyo sauti aliyotumia tulipomuuliza kama ameshiba wakati sufuria ilikuwa tupu.

Ulirudi siku ya kumi na tano ukamkuta kitandani. Siku ya kumi na saba mkampeleka hospitali, na daktari wa zamu akauliza vidonge vyeupe amekunywa mara ya mwisho lini, na wifi akajibu ukweli kwamba hajavinywa tangu ule unga ulipoanza. Asubuhi iliyofuata Mama yetu hakuwepo.

Sasa kile kikao. Nakirudia kwa sababu nataka ukione kutoka pale nilipokaa mimi. Siku ya tatu baada ya kuzika, sebuleni kwako, viti vya jirani vikiwa bado havijarudishwa. Mjomba alikaa karibu na dirisha. Wewe ulisimama, hukukaa hata mara moja. Mjomba akamuuliza wifi kwa nini mgonjwa alikatwa dawa. Wifi akaeleza kwa sauti ya chini kwamba lebo ya chupa iliandikwa kijiko kimoja badala ya vidonge, na yeye akafanya vile vile ilivyoandikwa. Akasema pia kwamba alinipigia simu. Mjomba akataka chupa iletwe. Wifi akaenda jikoni, tukamsikia akifungua makabati yote, akarudi mikono mitupu. Akasema ilikuwa rafuni karibu na kopo la chumvi na sasa haipo.

Ndipo mkanigeukia. Mjomba akaniuliza niliandika nini. Nikasema niliandika baada. Kijiko kimoja baada ya vidonge. Akaniuliza habari ya simu, nikasema aliniambia Mama anachoka sana na chakula hakikai, hakutaja vidonge. Hilo lilikuwa kweli neno kwa neno, nililikata mkia tu, sikusema kwamba aliniuliza afanyeje.

Mjomba akashusha pumzi akasema baada na badala ni maneno mapacha, mtu aliyeishia darasa la tano anaweza kuyachanganya, si kosa la makusudi. Alikuwa anatafuta njia ya kumsitiri, kaka, nadhani uliona. Lakini wewe ukaingiza mkono mfukoni ukatoa ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la vidonge, yenye maandishi madogo kama chawa, ukampa mkeo mbele ya watu kumi na moja. Ukasema: "Soma."

Wifi aliishika. Aliweka kidole chini ya mstari kama anavyofanya siku zote, na kidole kikakosa mstari. Alisoma neno la kwanza, la pili, la tatu likamshinda. Hata mimi lingenishinda, lilikuwa jina la dawa. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka kidogo puani. Wewe ukachukua karatasi yako ukasema: "Hiki ndicho kilichomuua mama yangu." Mchana ule ule wifi alifunga nguo zake kwenye shuka akaenda kwao, akaacha cherehani, akaacha watoto, kwa kuwa ulimwambia watoto hawaendi kokote na mtu asiyejua kusoma lebo.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jirani, mkoba wangu miguuni. Nikausogeza nyuma ya visigino.

Miezi minne imepita. Nilijipa sababu nyingi. Nilijiambia mtapatana, hasira ya msiba hushuka. Nilijiambia nikisema nitawaumiza mara ya pili. Wiki tatu zilizopita nilipiga simu kwako ukiwa bafuni, akapokea mdogo. Tukazungumza habari za jino. Halafu akaniuliza: "Shangazi, mama akishajua kusoma atarudi?" Alikuwa anauliza kama anavyouliza lini shule zinafunga. Nikamwambia nitampigia baadaye, nikakaa chini kwenye sakafu ya maabara, panya wakikwaruza vizimba, na mwenzangu wa zamu akaja kuniuliza kama nimeumwa na mmoja wao.

Kaka, sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika. Mkeo alisoma sawasawa. Lebo ilisema badala. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, na iko ndani ya bahasha hii, nimeibandua kwa mvuke wa birika ili isichanike. Itazame. Chupa nilikuwa nayo siku ile ya kikao, ndani ya mkoba wangu, hatua mbili kutoka ulipokuwa umesimama. Niliichukua rafuni asubuhi ya mazishi, nilipoingia jikoni kumsalimia wifi na nikaiona imenigeuzia maandishi.

Na usidhani kalamu iliteleza. Natamani iwe hivyo. Miezi hii yote nimejaribu kujisadikisha kwamba niliandika haraka, nikakosea, kama mtu yeyote. Lakini mimi huwa siandiki haraka, nalipwa kwa kuandika sawasawa. Ukweli ni kwamba niliandika lebo mbili. Ya kwanza ilisema kijiko kimoja baada ya vidonge. Niliibandika, nikaiangalia, nikafikiri: akipona akiwa anakunywa vyote viwili, watasema ni vidonge. Hakuna atakayejua ni mimi. Nikaufikiria na ule uso wake wa kuazima, sitaki useme sikumpenda, nilitaka uso wake urudi. Lakini nilitaka pia urudi kwa mkono wangu. Nikaibandua lebo ya kwanza, nikaifinyanga, nikaitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na sindano, nikaandika ya pili. Daktari alikuwa ameshaniambia. Profesa alikuwa ameshaniambia. Na sikumweleza wifi kwa mdomo kwa sababu nilijua angeniuliza kama nina hakika, naye huuliza mpaka mwisho, nami ningeyumba. Lebo haiulizwi maswali.

Nilikwenda kwa Profesa kabla ya kukuandikia wewe, kwa sababu kwake ilikuwa rahisi zaidi. Nilimweleza yote. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akaniambia unga ule haukuwa sumu, na pengine siku moja utafaa kweli watu wenye viungo vilivyovimba, baada ya wengine wengi kuupima kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo. Kilichomuua Mama ni kuachishwa vidonge. Alisema hivyo kwa upole, na upole ule uliniumiza zaidi. Nimesimamishwa kazi, na vizimba anaosha mwingine. Sikuandikii ili unionee huruma kwa hilo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwao wifi. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anapinda sketi ya shule kwa mkono kwa kuwa cherehani iko kwako. Nilisahau, kaka, na nadhani sote tulisahau, kwamba huyu ni fundi. Ana daftari la vipimo vya nusu ya mtaa wenu, vifua na viuno na urefu wa mikono, na sijapata kusikia mtu amerudishiwa gauni la mwingine. Anasoma pole pole kwa sababu hataki kukosea. Sisi tulio na haraka ndio tulimwita mjinga.

Nilipiga magoti nikamwambia. Sikupamba. Nilipofika kwenye chupa alikata uzi kwa meno, akaniambia aliniona ninaichukua. Alikuwa kwenye mlango wa stoo. Nikamuuliza kwa nini basi siku ya kikao alifungua makabati yote na hakunitaja, angesema tu nipekuliwe mkoba. Akanijibu: "Nilikungoja wewe. Nilijua utasema, wifi, kwa sababu ulikuwa unanipenda."

Nililia, naye akaniacha nilie, hakunikumbatia wala hakunifukuza. Mama yake alituletea maji akaondoka. Nikamwambia nitakuandikia, na kwamba utakuja kumchukua, na kwamba nitasimama mbele ya watu wale wale. Akapinda sketi hadi mwisho wa pindo. Kisha akasema maneno ambayo aliniomba nisiyapunguze wala nisiyaongeze, na nimeyaandika kwenye kiganja nilipotoka pale ili nisije nikakosea tena:

"Wewe nakuelewa, ulikuwa unaogopa. Yeye alikuwa anaogopa nini? Miaka kumi na miwili nimemsomea ujumbe wa wateja wake akiwa juu ya ngazi. Anajua kama najua kusoma. Mwambie asije kunichukua. Kama anakuja, aje kuniuliza ilikuwaje. Hajaniuliza mpaka leo."

Ndivyo alivyosema. Sina la kukushauri. Nilikwenda kule nikidhani kosa ni langu lote na kwamba nikilitoa lote mambo yatarudi yalivyokuwa. Langu nimelitoa. Lililobaki si langu, na siwezi kukubebea.

Mwisho wa mwezi huu nitakuja, panapo uzima. Nimemwomba Mjomba awaite wote waliokuwepo, sijamwambia kwa nini. Nitasimama mwenyewe niseme. Ukitaka nisilale kwako nitaelewa, nitafikia kwake. Ukitaka kunipeleka mbele ya sheria, sitakimbia. Watoto usiwaambie chochote kabla sijafika. Mdogo niachie mimi, nataka nimjibu mwenyewe lile swali lake, kwamba mama yake alijua kusoma siku zote.

Msalimie Mjomba na wote wa nyumbani. Wapelekee watoto mapenzi yangu kama utaona yanafaa kupelekwa. Pumzisha mgongo, usibebe vitu vizito peke yako. Ningeomba unisamehe, lakini nimeona wewe una mtu wa kumwomba msamaha kabla ya kusamehe, basi mimi nitasubiri nyuma yake.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja na wewe,

Kitindamimba wa Mama.